Mwongozo kamili: kuongeza ufanisi wa seli za sola za kikaboni kwa chembe za nano

Mwaka wangu wa kwanza maabara niliongeza matone machache ya dhahabu ya nano kwenye PEDOT:PSS, polima inayopitisha umeme inayopakwa chini ya tabaka la kukamata mwanga, seli zangu zikapanda ufanisi, na kwa karibu mwezi mzima niliamini kwamba dhahabu ndiyo iliyofanya kazi. Siku moja mwenzangu akaniuliza, "Dada, ukiweka maji matupu badala ya dhahabu inakuwaje?" Nikaweka maji matupu, na seli zikapanda karibu vile vile. Kumbe matone yale yalikuwa yamepunguza tu unene wa tabaka.

Tangu hapo kila jaribio langu la nyongeza ya nano lina chupa ya maji, na mwongozo huu umejengwa juu ya chupa hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, fundi wa maabara au mwalimu wa fizikia aliye na vifaa vya msingi: mashine ya kupaka kwa kuzungusha, glavu boksi (sanduku lililofungwa lenye naitrojeni) au angalau kabati la kufyonza hewa, chemba ya kuyeyushia metali katika ombwe, na taa ya kuigiza jua. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho, yaani seli ya P3HT na PC61BM (polima na fulereni nitakazozieleza hapa chini) iliyoongezwa chembe za dhahabu, kisha nigusie njia nyingine.

Mchanganyiko huu ni wa zamani, na ufanisi wake huishia asilimia 3 hadi 5. Seli za leo zinazotumia vipokeaji vipya vya elektroni vya familia ya Y6, molekuli iliyotangazwa mwaka 2019 na kundi la Profesa Yingping Zou wa China kwa ufanisi wa asilimia 15.7, zimekwisha kuvuka asilimia 19. Hata hivyo P3HT inapatikana kwa bei inayovumilika, tabia yake inajulikana vizuri, na makosa yake yanasomeka. Barani kwetu imezalisha kazi nyingi za kuchapishwa: kundi la Profesa Genene Tessema Mola katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Pietermaritzburg, limechunguza kwa miaka mingi chembe za metali ndani ya mchanganyiko huu huu. Jifunzie hapa kwanza, kisha uende kwenye molekuli za gharama.

Mwanga unapotelea wapi

Ndani ya seli ya kikaboni kuna vitu viwili vilivyochanganywa: mtoaji wa elektroni, hapa ni polima ya P3HT, na mpokeaji, hapa ni PC61BM, fulereni (mpira wa atomi za kaboni) iliyopachikwa mkia ili iyeyuke. Mwanga ukigonga polima hauzai elektroni huru papo hapo kama katika silikoni. Unazaa eksitoni, yaani elektroni na tundu lake (nafasi aliyoiacha elektroni) vikiwa bado vimeshikana, na jozi hiyo husafiri takriban nanomita 10 tu kabla ya kuzimika. Ikifika kwenye mpaka wa mtoaji na mpokeaji kabla ya hapo, jozi inaachana na umeme unapatikana. Isipofika, mwanga umepotea.

Ndiyo maana seli ya Ching W. Tang wa Kodak mwaka 1986, yenye matabaka mawili yaliyolaliana, iliishia karibu asilimia 1: mpaka ulikuwa mmoja tu. Mwaka 1995 kundi la Alan Heeger kule Santa Barbara lilichanganya mtoaji na mpokeaji katika myeyusho mmoja, mpaka ukawa kila mahali, na njia hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Bado pana mkwamo. Chaji hutembea polepole katika vitu hivi, kwa hiyo tabaka linatakiwa liwe jembamba, nanomita 100 hadi 200 hivi. Tabaka jembamba nalo linaacha sehemu ya mwanga ipite bila kukamatwa. Ukilinenepesha, unakamata mwanga zaidi lakini chaji zinapotelea njiani. Nyongeza ya nano ni jaribio la kutoka kwenye mkwamo huo: mwanga ukae zaidi ndani ya tabaka lile lile jembamba, au chaji zitoke haraka zaidi, ili uweze kulinenepesha kidogo bila hasara.

Dhahabu na fedha hufanya kazi ya kwanza. Elektroni za chembe ndogo ya metali hutikisika pamoja zikipigwa na mwanga wa rangi fulani, jambo linaloitwa plasmoni, na chembe hiyo hukusanya mwanga pembeni yake au huutawanya upande. Dhahabu ya nanomita chache ndani ya maji hutikisika kwenye nanomita 520 hivi, na fedha karibu na 400. P3HT hunyonya zaidi kati ya 450 na 600, kwa hiyo dhahabu inaiendea vizuri. Kazi ya pili, ya kusafirisha chaji, hufanywa na oksaidi ya zinki, oksaidi ya titani, mirija ya kaboni na grafini.

Jambo ambalo maelezo mengi huliruka ni ukubwa wa chembe. Uwezo wa chembe kutawanya mwanga hukua kwa kipeo cha 6 cha nusukipenyo chake, ilhali uwezo wa kuunyonya hukua kwa kipeo cha 3. Chembe ya nanomita 15 hunyonya mwanga na kuugeuza joto, na hutawanya kidogo mno. Ya nanomita 40 au 50 ndiyo inayoanza kutawanya. Lakini tabaka la PEDOT:PSS lina unene wa nanomita 40 hivi, kwa hiyo chembe kubwa itachomoza na kuingia kwenye tabaka la juu yake. Amua mapema unataka nini, kwa sababu huwezi kupata vyote.

Hatua ya 1: Pata seli ya kawaida isiyoyumba

Usifungue chupa ya dhahabu kabla hujatengeneza seli zisizo na nyongeza mara tatu, katika siku tatu tofauti, zikatoa matokeo yanayokaribiana. Ikiwa seli zako za Jumatatu zinatoa asilimia 2.4 na za Alhamisi 3.3, hakuna nyongeza utakayoweza kuipima, maana tofauti ya siku na siku ni kubwa kuliko faida yoyote ya dhahabu. Najua inachosha. Hapa ndipo wengi wanapokata kona, na hapa ndipo wanapopoteza miezi.

Anza na kioo chenye ITO, tabaka angavu la oksaidi linalopitisha umeme, cha ukinzani wa ohm 10 hadi 15 kwa mraba. Kisugue kwa sabuni ya maabara na kidole chenye glavu hadi maji yatandae sawasawa juu yake bila kujikusanya matone. Kisha kiweke kwenye beseni la mawimbi ya sauti kwa dakika 10 hadi 15 katika maji yaliyoondolewa ayoni, halafu asetoni, halafu isopropanoli. Kikaushe kwa naitrojeni na ukimulike kwa UV na ozoni kwa dakika 15. Kipakwe ndani ya nusu saa, kwa sababu uso uliotoka kwenye ozoni hurudi kuwa mchafu wenyewe ukikaa hewani.

PEDOT:PSS ya aina ya AI 4083 ichujwe kwa chujio la PVDF la mikromita 0.45, ipakwe kwa mizunguko 4,000 kwa dakika kwa sekunde 60, na iokwe nyuzi 140 kwa dakika 10 hadi 15. Kwetu pwani unyevu wa hewa ni adui wa tabaka hili, kwa kuwa PSS hunywa maji. Usikiache kioo kipoe juu ya meza. Kitoe kwenye jiko kikiwa bado na joto na ukiingize glavu boksi moja kwa moja. Kama huna glavu boksi, oka mara ya pili dakika 5 kabla tu ya kupaka tabaka linalofuata, na uandike unyevu wa chumba kwenye daftari kila siku. Baada ya wiki chache daftari hilo litakueleza mengi kuhusu seli zako.

Kwa tabaka la kukamata mwanga, yeyusha miligramu 20 za P3HT na miligramu 20 za PC61BM katika kila mililita ya diklorobenzini, uzungushe usiku kucha kwenye nyuzi 50 hadi 60, kisha uchuje kwa chujio la PTFE. Paka kwa mizunguko 600 hadi 800. Utando utatoka ukiwa bado umelowa na una rangi ya machungwa. Ufunike kwa kisahani cha kioo na uache ukauke taratibu. Utaona rangi ikigeuka kuwa zambarau iliyokolea jinsi minyororo ya polima inavyojipanga. Kukauka polepole kunasaidia sana: kundi la Yang Yang wa UCLA lilionyesha mwaka 2005 kwamba njia hii inaweza kufikisha P3HT asilimia 4 na zaidi. Baada ya kukauka, oka nyuzi 110 kwa dakika 10 ndani ya naitrojeni. Diklorobenzini ni sumu kwa ini na mapafu, kwa hiyo chupa ifunguliwe ndani ya kabati la kufyonza hewa, hata kama ni kwa sekunde tano tu.

Mwisho ni floridi ya lithi chini ya nanomita 1, halafu alumini nanomita 100, katika ombwe la mbar 10⁻⁶ au chini yake. Umeme ukikatika alumini ikiwa katikati ya kuyeyuka, usiendelee na vioo hivyo utakaporudi, maana alumini iliyoanza, ikaonja hewa, kisha ikaendelea huwa na tabaka la oksaidi katikati. Viandike "vimeharibika" na uviweke kando. Pampu ya ombwe iwe na UPS ikiwezekana.

Ukipata volteji ya saketi wazi karibu 0.6, mkondo wa miliampea 8 hadi 10 kwa sentimita ya mraba na FF (sehemu ya mkondo mara volteji ambayo seli huitoa kweli kama nguvu) ya 0.55 hadi 0.65, mara tatu mfululizo, endelea.

Hatua ya 2: Pika dhahabu

Njia ya kuaminika ni ya sitrati, iliyoelezwa na John Turkevich mwaka 1951 na kuboreshwa na Frens mwaka 1973. Uzuri wake ni kwamba kiasi cha sitrati ndicho kinachoamua ukubwa wa chembe.

Vyombo vyote vya kioo vioshwe kwanza kwa asidi ya kifalme, yaani asidi ya hidrokloriki sehemu 3 na ya nitriki sehemu 1. Chembe moja ya uchafu ukutani mwa chupa hugeuka kiini cha kugandishia dhahabu na kuharibu kundi zima. Asidi hii itengenezwe ndani ya kabati, itumike siku hiyo hiyo, na isifungwe kamwe kwenye chupa yenye kifuniko, kwa kuwa inatoa gesi na chupa italipuka. Suuza kwa maji yasiyo na ayoni mara nyingi.

Weka mililita 50 za myeyusho wa HAuCl4 wa asilimia 0.01 kwenye chupa, sawa na miligramu 5 za chumvi hiyo. Tumia kijiko cha plastiki kuipimia, kwa sababu chumvi ya dhahabu inakula cha metali. Chemsha ukikoroga kwa sumaku, ukiwa umefunga kipoza mvuke juu ili maji yasipungue. Ikichemka kwa nguvu, mimina kwa mara moja mililita 1 ya sitrati ya sodi ya asilimia 1 ukitaka chembe za nanomita 16 hivi, au mililita 0.5 ukitaka za nanomita 41 hivi. Umanjano utapotea, maji yatakuwa meupe, yataingia kijivu cha bluu, kisha zambarau, na hatimaye wekundu wa mvinyo. Endelea kuchemsha dakika 10 hadi 15 baada ya wekundu kutulia, kisha acha ipoe huku ikikorogwa.

Pima kwa spektromita ya UV-Vis, inayoonyesha mwanga unaonyonywa kwa kila rangi. Kilele kimoja chembamba karibu na nanomita 520, au mbele kidogo kwa chembe kubwa, ndicho unachokitafuta. Ukiona bega pana kuanzia 600 hadi 700, chembe zimegandana. Mwaga kwenye chupa ya taka za metali na uanze upya. Hakuna njia ya kuzirudisha.

Hatua ya 3: Osha, kisha kolezesha

Myeyusho uliotoka jikoni una sitrati iliyobaki na sodi, na dhahabu yake ni chache, miligramu 0.05 hivi kwa mililita. Changanya na PVP, polima inayoyeyuka kwenye maji, kidogo na uiache ikizunguka usiku kucha ili kila chembe ivae koti. Sababu ya koti hilo utaiona katika hatua inayofuata. Kisha tumia sentrifuji: g 13,000 kwa dakika 30 kwa chembe za nanomita 16, na kasi ndogo zaidi kwa kubwa. Ondoa maji ya juu taratibu kwa pipeti na uyahifadhi kwenye chupa yenye lebo, usiyamwage. Ongeza maji safi, tikisa, rudia mara moja au mbili, na umalizie na mililita 5. Sasa una takriban miligramu 0.5 za dhahabu kwa mililita. PVP haipitishi umeme, kwa hiyo iliyozidi lazima iondoke. Pima tena UV-Vis: kilele kikae pale pale kilipokuwa.

Hatua ya 4: Chupa tano

PEDOT:PSS ya AI 4083 ina asidi kali, pH kati ya 1 na 2. Chembe za dhahabu zenye sitrati tupu hukaa mbali mbali kwa sababu ya chaji hasi za sitrati, na asidi huzifuta chaji hizo. Matokeo yake ni mabonge. Ubaya ni kwamba PEDOT yenyewe ni ya bluu iliyokolea, kwa hiyo hutaona kwa macho dhahabu ikibadilika rangi ndani yake. Jaribu kwanza nje: weka matone ya asidi ya hidrokloriki kwenye maji hadi pH 2, halafu tone la dhahabu yako. Ikibaki nyekundu kwa saa moja, koti limeshika. Ikigeuka bluu, rudi hatua ya 3.

Sasa andaa chupa tano, kila moja ikiwa na mikrolita 900 za PEDOT:PSS iliyokwisha kuchujwa na mikrolita 100 za nyongeza. Chupa A: maji matupu. Chupa B: maji 75, dhahabu 25. Chupa C: nusu kwa nusu. Chupa D: dhahabu 100. Chupa E: yale maji ya juu uliyoyahifadhi kutoka kwenye sentrifuji, yasiyo na dhahabu lakini yenye sitrati na PVP.

Zote zimepunguzwa ukali kwa kiwango kimoja, kwa hiyo unene wake utalingana. A inakuonyesha athari ya maji. E inakuonyesha athari ya kemikali zilizobaki, ambazo zinaweza kubadili upitishaji wa PEDOT zenyewe bila chembe hata moja. Kinachobaki kati ya A na E upande mmoja, na B, C, D upande mwingine, ndicho cha dhahabu. Kama una nafasi ya chupa moja zaidi, weka PEDOT isiyoongezwa kitu kabisa.

Ongeza dhahabu tone kwa tone huku unakoroga. Usichuje baada ya kuchanganya. Ukitaka kuhakikisha, pitisha kiasi kidogo cha D kwenye chujio cha majaribio: chujio kikibaki na doa la zambarau, dhahabu yako imeganda na imebaki humo, nawe ulikuwa karibu kupaka PEDOT tupu ukidhani ina dhahabu.

Hatua ya 5: Paka kwa kuchanganya zamu

Vioo vitatu kwa kila chupa, jumla 15. Usipake A zote, halafu B zote. Siku inavyosonga chumba kinapata joto, myeyusho wa polima unapoa, na mkono wako unachoka, na mabadiliko hayo yote yatajificha ndani ya herufi za chupa. Changanya zamu, na kila mzunguko wa chemba ya alumini uwe na kioo kutoka kila chupa. Tia alama nyuma ya kioo kwa kalamu ya almasi, maana wino huyeyuka kwenye asetoni.

Pima unene wa tabaka la PEDOT la A na D kwa profilomita au AFM (hadubini ya nguvu za atomi) kama unayo. AFM itakuonyesha pia kama uso umekuwa na vilima. Vilima vidogo si vibaya, maana vinaongeza eneo la kugusana na tabaka la juu. Vilima vya nanomita 80 ndani ya seli ya nanomita 200 vitakuletea shoti.

Hatua ya 6: Pima bila kujipendelea

Taa iwe ya wigo wa AM1.5G, yaani mwanga wa jua wa kiwango cha rejea, na nguvu ya miliwati 100 kwa sentimita ya mraba, iliyosawazishwa kwa seli ya rejea ya silikoni yenye chujio la KG5, linalofaa kwa P3HT. Rudia kupima seli ya rejea kila baada ya vioo vinne au vitano, kwa kuwa taa huyumba.

Weka barakoa ya metali yenye tundu la eneo unalolijua. Hili ni la lazima. Tuseme unaamini seli yako ina sentimita za mraba 0.040, kumbe PEDOT inayopitisha umeme pembeni inakusanya mkondo kutoka 0.044. Hapo mkondo wako umepanda asilimia 10 kutoka hewani. Faida nyingi za nano zinazotangazwa ni za kiasi hicho hicho, na nyongeza inayobadili upitishaji wa PEDOT inabadili pia ukusanyaji huo wa pembeni. Bila barakoa huwezi kuzitenganisha.

Mwombe mwenzako azifiche lebo na akupe vioo kwa namba za bahati nasibu. Pima kila seli kwenye mwanga na gizani. Andika zote, pamoja na zilizokufa. Usitangaze seli bora peke yake, ila wastani na mtawanyiko wa kila chupa. Kama chupa D ina seli bora kuliko zote lakini nusu ya seli zake zina shoti, hilo nalo ni tokeo.

Hatua ya 7: Soma kilichopanda

Ufanisi ni mkondo (Jsc) mara volteji (Voc) mara FF, kugawanya kwa nguvu ya mwanga. Tuseme chupa A imetoa 9.0, 0.60 na 0.60: hiyo ni asilimia 3.24. Chupa C imetoa 9.6, 0.60 na 0.63: asilimia 3.63. Umepanda kwa asilimia 12 ya thamani ya awali, ambayo ni pointi 0.39 tu. Andika namba zote mbili, maana msomaji atakayeona "asilimia 12" peke yake atadanganyika.

Kisha uliza ni kipi hasa kimepanda. FF ikipanda, tafuta sababu ya umeme: ukinzani umepungua au matundu yanatoka vizuri zaidi. Mkondo ukipanda peke yake, pima ufanisi wa fotoni kwa kila rangi, yaani EQE. Kama ni plasmoni, faida itajikusanya karibu na mahali dhahabu inapotikisika. Kama imepanda sawasawa kutoka 400 hadi 650, shuku unene, shuku uso, shuku taa. Jumlisha pia EQE yako juu ya wigo wa AM1.5G. Ikitofautiana na mkondo wa taa kwa zaidi ya asilimia 10, kuna kosa la upimaji, na lirekebishe kabla ya kuzungumzia dhahabu.

Usishangae plasmoni ikikosekana. Mwaka 2011 kundi la Wallace Choy wa Chuo Kikuu cha Hong Kong liliweka dhahabu kwenye PEDOT:PSS, likahesabu kwa makini, na kukuta kwamba faida ilitoka zaidi kwenye ukusanyaji wa matundu na uso uliokwaruzika kuliko kwenye mwanga, kwa sababu mwanga unaokusanywa na chembe hubaki zaidi ndani ya PEDOT, mahali ambapo hakuna cha kuunyonya. Naipenda sana kazi hiyo. Seli zao zilipanda kweli, na bado walikwenda kutafuta sababu yenyewe badala ya kushika ile inayovutia.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Kuweka dhahabu au fedha ndani ya tabaka la P3HT lenyewe kunaonekana ndiyo njia ya mkato, kwani chembe inakaa pale mwanga unaponyonywa. Tatizo ni kwamba metali tupu huzima eksitoni zilizo karibu na hushika chaji zinazopita. Chembe zivikwe ganda jembamba la silika la nanomita chache, na uso wake ufanywe upende mafuta ili zitawanyike kwenye diklorobenzini. Anza na chini ya asilimia 1 ya uzito. Fedha hutawanya vizuri kuliko dhahabu na ni rahisi kwa bei, ila huota kutu haraka, hasa hewa yenye chumvi kama ya pwani.

Mirija ya kaboni naishauri kwa tahadhari. Katika mirija ya ukuta mmoja iliyotoka kiwandani bila kuchambuliwa, theluthi moja hivi ni ya kimetali, na mrija una urefu wa mikromita ndani ya tabaka la nanomita 200. Mmoja ukisimama wima unaunganisha elektrodi mbili. Ukiitumia, nunua iliyochambuliwa, ikatwe kwa mawimbi ya sauti, na ichujwe. Usipime unga wake mkavu nje ya kabati, maana haupaswi kuingia mapafuni.

Kwa maabara ya joto na unyevu, ninayoipenda zaidi ni oksaidi ya zinki katika seli iliyogeuzwa: ITO, oksaidi ya zinki, P3HT na PC61BM, oksaidi ya molibdeni, kisha fedha. Unaachana na PEDOT yenye asidi inayoila ITO, na pia alumini inayooza hewani. Chembe zake, za nanomita 5 hivi, hupikwa kwa kuyeyusha gramu 2.95 za asetati ya zinki yenye maji mawili katika mililita 125 za methanoli kwenye nyuzi 60, kudondoshea taratibu gramu 1.48 za hidroksidi ya potasi zilizoyeyushwa katika mililita 65 za methanoli, na kukoroga saa mbili na zaidi hadi weupe utokee. Ziache zitulie, zioshe kwa methanoli mara mbili, na uzitawanye kwenye butanoli. Methanoli hupofusha na huwaka, kwa hiyo jiko liwe la umeme lisilo na cheche. Seli hizi mara nyingi huonyesha mkunjo wa umbo la S kwenye grafu ya mkondo na volteji katika kipimo cha kwanza na kunyooka baada ya dakika chache za mwanga wenye UV. Subiri zinyooke, na useme kwenye maelezo yako kwamba ulisubiri.

Ukihamia kwenye PM6 (polima mtoaji) na Y6, kumbuka kwamba oksaidi ya zinki ikipigwa na UV huivunjavunja molekuli ya mpokeaji taratibu, kwa hiyo uso wake unahitaji kufunikwa au UV ichujwe. Na viongezi kama kloronaftalini au dayodooktani vinavyotajwa kwenye mapishi hayo ni viyeyushi vya kupanga utando. Si vya nano, lakini vinabadili kila kitu. Vikiwamo, viwemo kwenye chupa A pia.

Weka angalau seli mbili za kila chupa gizani ndani ya naitrojeni, na mbili kwenye mwanga, zikiwa zimefungwa kwa kioo na gundi ya epoksi. Zipime tena siku ya 1, ya 7 na ya 30. Chembe za dhahabu zisizovaa vizuri huendelea kugandana ndani ya PEDOT polepole, na seli iliyoshinda siku ya kwanza inaweza kuwa nyuma ya chupa A ifikapo siku ya thelathini.